Zungushia Moja Lisilofanana

Jumamosi saa tatu asubuhi Madam Fancy aligawa karatasi kumi na moja kwa watoto kumi na mmoja wa gredi ya sita, akaandika saa ubaoni, akawaambia waanze. Karatasi zilikuwa fotokopi ya fotokopi, zilizonunuliwa Chepilat kwa mtu mwenye mashine, na wino ulikuwa umefifia upande wa kulia, hivyo umbo la tano katika kila swali lilionekana kama limesimama kwenye ukungu. Maswali yenyewe hayakuwa na maneno. Yalikuwa maumbo tu, matano matano, na juu kabisa agizo moja: zungushia moja lisilofanana na mengine.

Mtihani ulikuwa umebaki wiki saba. Akademi iliyo juu ya kilima, ng'ambo ya mashamba ya chai, huchukua mtoto mmoja kila mwaka kutoka kila shule ya jirani na kumsomesha bure mpaka amalize sekondari. Kitanda, chakula, viatu, vitabu, vyote juu yao. Wanaobaki huendelea na gredi ya saba kwenye darasa la mabati nyuma ya choo, ambalo mwaka huo halikuwa na mwalimu wa sayansi. Watoto walilijua hilo. Ndiyo sababu darasa la Madam Fancy lilikuwa kimya kiasi kwamba penseli zilisikika.

Aliyemaliza wa kwanza alikuwa Maxine, binti ya Akeyo mchuma chai wa Laini ya Nne, mojawapo ya safu za nyumba za kampuni ya chai. Karatasi yake ilikuwa na matundu ishirini.

Madam Fancy aliiinua, akaona dirisha kupitia matundu hayo.

"Hii ni nini sasa?"

"Nimetoa zile hazifanani, madam." Maxine alifungua kiganja. Maumbo ishirini madogo yalikuwa humo, yamebanwa vizuri kwa kucha.

Nelvine, rafiki yake aliyeketi naye dawati moja, aliangua kicheko. "Weh, Maxine! Umefanya karatasi ikuwe chujio!"

Maxine hakuwa mtoto mjinga. Alikuwa mtoto wa kibanda cha mizani. Kila siku saa kumi wachuma chai hupanga foleni pale, humwaga magunia sakafuni, na kabla karani hajapima huinama kuchagua. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Jani gumu, jani la tatu, kijiti, hubanwa kwa kidole gumba na cha shahada na kutupwa nyuma ya mgongo. Maxine alianza kumsaidia mama yake kazi hiyo tangu alipoweza kuchuchumaa bila kuanguka. Kwake yeye, kitu kisichofanana na vingine kilikuwa na mwisho mmoja tu.

"Hapa hatutupi," Madam Fancy alisema. "Tunazungushia. Lisilofanana linabaki hapohapo na wenzake."

"Linabaki likifanya nini?"

Madam Fancy alifikiri. "Linabaki tu."

Jumanne jioni Akeyo alipanga vikombe vitano mezani. Maxine aliviangalia kama alivyofundishwa kuangalia swali, kwanza vyote pamoja, halafu kimoja kimoja. Mstari wa kijivu, unene wa penseli ya kawaida, ukaanza chini ya kikombe cha bluu, ukazunguka juu ya kitambaa cha plastiki, ukajifunga. Akeyo alichukua kitambaa kibichi akausugua. Haukutoka. Alisogeza kikombe, na mstari ukasogea nacho.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Hicho hakina mkono. Vingine vyote viko na mkono."

Aliposema hivyo mstari ulifutika. Akeyo akamimina chai kabla haijapoa.

Wiki haikuisha kabla watu wa laini hawajajua utaratibu. Vitu viwe angalau vinne vinavyofanana na kimoja kisichofanana. Mstari huja wenyewe, na hauzungushii kitu kimakosa. Ili ufutike, lazima mtu ataje kanuni, yaani kile ambacho vingine vyote vinacho na hicho kimoja hakina, na kanuni iwe ya kweli. Kanuni ya kukaribiakaribia haifuti kitu. Madam Fancy alipoelezwa alisema hata kitabu kinasema vivyo hivyo, kwamba jibu bila kanuni ni kubahatisha.

Jentrix wa kioski alimwita Maxine akague trei ya mayai, na yai bovu likapatikana bila kuvunja hata moja. Karani wa mizani alimwomba awe anapita hapo akitoka shule. Mchungaji alimpungia mkono kwa mbali. "Maxine, usiangalie kwaya yangu Jumapili, tafadhali. Tutabaki bila soprano." Baba yake Maxine, Kepher, anayefanya kazi ya kunyausha majani kiwandani, alimpelekea gambuti tano ambazo zote zilikuwa zinaingiza maji isipokuwa moja. Alifurahi kwamba siku hizi masomo yana faida ya papo kwa papo.

Kwenye mazoezi Maxine alikuwa akipata ishirini kwa ishirini. Nelvine alipata kumi na sita, siku nyingine kumi na saba. Walisaidiana. Nelvine alikuwa mzuri wa maumbo yanayogeuzwa, Maxine wa yale yanayojificha ndani ya mengine. Madam Fancy alianza kuongea juu ya akademi kama mtu anayeongea juu ya harusi ambayo tarehe yake imeshapangwa.

Wiki ya tano wazazi waliitwa kujaza fomu katika ukumbi wa kanisa, upande wa Boito. Walikuwa kumi na mmoja, wameketi kwenye benchi mbili zilizounganishwa. Fomu zilijazwa na mwenyekiti wa kamati, Bwana Johana, baba yake Nelvine, mkulima mwenye chai yake na ng'ombe sita, mtu mpole ambaye hajawahi kusikika akipaza sauti hata kwa ng'ombe. Aliuliza kila mzazi maswali yaleyale na kuandika majibu kwa herufi kubwa.

"Nyumbani ni wapi, Mama Maxine?"

"Hapa."

"Hapa ni laini. Nauliza nyumbani kabisa."

"Bwana yangu alizaliwa hapa. Nyumba ya kumi na saba, hata kitanda bado kiko."

"Hiyo nyumba ni ya kampuni." Johana alisema kwa upole. "Tuseme hivi. Mkifiwa, mnazika wapi?"

Baba mkwe wa Akeyo alipogoa chai ya kilima hicho miaka thelathini na mmoja. Alipofariki alipelekwa kwa lori ziwani, walikotoka babu zake, kwa sababu kampuni hairuhusu kaburi katikati ya chai. Watu wote kwenye benchi walilijua jambo hilo. Baadhi yao walichanga mafuta ya lori, na Johana mwenyewe alitoa maziwa ya waombolezaji.

"Kule ziwani," Akeyo alisema.

"Haya basi," Johana alisema, akaandika.

Maxine alikuwa amesimama mlangoni na watoto wengine. Hakuwa amekusudia kuangalia. Aliangalia benchi nzima kwanza, halafu mzazi mmoja mmoja, kama mazoea yalivyokuwa yamemfanya, na mstari ukaanza kwenye kisigino cha mama yake. Ulipita chini ya benchi. Chepkorir, mama yake Nelvine, aliinua mkoba wake ili upite. Wengine walikunja miguu. Mstari ukajifunga mbele ya magoti ya Akeyo, na Johana akaita jina lililofuata.

"Wote wako na viatu vya kufunika," Maxine alisema haraka. "Mama ako na ndala."

Mstari ulibaki. Wazazi wawili wengine walikuwa na ndala.

"Wote wako na sweta."

Mama mmoja alikuwa na leso.

"Wote... wote wamekuja na kalamu ya..."

"Maxine." Akeyo alisimama, na duara likasimama naye. "Wachana nayo. Twende, majani yananingoja."

Ilikuwa imebaki wiki mbili. Maxine alianza kutafuna penseli mpaka mbao ikawa laini kama mua uliokwisha utamu. Alibeba daftari dogo. Alimfuata mama yake mtoni, kioskini, kanisani, akiandika vitu ambavyo wazazi wale kumi walikuwa navyo na mama yake hakuwa navyo. Meno. Idadi ya watoto. Namna ya kufunga kitambaa. Nani ana redio, nani anakunywa chai bila sukari. Alisoma kila mstari kwa sauti mbele ya miguu ya mama yake, kisha akaukata kwa kalamu. Kurasa tisa zilikatwa hivyo.

Alijiambia kwamba kama hawezi swali moja lililo nyumbani kwake, linalotembea na kupika ugali, hataweza maswali hamsini ya watu asiowajua. Alama zake zikashuka. Kumi na nane. Kumi na nne. Nelvine akampita kwa mara ya kwanza na hakucheka.

Shambani duara lilipita juu ya vichwa vya michai, mstari wa kijivu juu ya machipukizi, na wachuma chai wa kando walilazimika kuruka sehemu ile. Nyapara, ambaye alikuwa anampenda Akeyo kwa sababu hachelewi, alimhamishia mistari ya ukingoni. "Ni kwa faida yako, mama. Hapa hautasumbuana na mtu." Kanisani walimwachia benchi la nyuma zima. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Jentrix alimpa hata mkate wa jana, akiunyoosha kwa mkono mrefu ili asikanyage mstari.

Alhamisi moja Maxine alibaki darasani wenzake walipotoka.

"Madam, kanuni ya mama ni gani?"

Madam Fancy alichukua kitambaa akaanza kufuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

"Hilo halitakuwa kwenye mtihani."

"Lakini liko na jibu."

"Jibu liko."

"Sasa jibu bila kanuni si ni kubahatisha? Ulisema."

"Maxine, lakwet, mtoto wangu, nisikize." Madam Fancy aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, labda ni vumbi la chaki. "Siku ile, macho yabaki kwenye karatasi. Usiangalie mtu. Usiangalie hata dirisha. Uandike tu, upate zote, halafu tuone watasema nini."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mzima kumwonyesha kwamba kulikuwa na watu ambao wangesema kitu.

Siku ya mtihani walikuwa watoto sitini na wanne katika ukumbi wa akademi wenye sakafu ya mbao. Dakika arobaini, maswali hamsini. Maxine aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Hapakuwa na ukungu upande wa kulia. Umbo la tano lilikuwa wazi kama mengine, na kwa sababu hiyo alikaribia kuliogopa. Kwenye swali la thelathini mvua ya mawe ilianza kupiga paa na watoto wote wakainua macho isipokuwa yeye. Kwenye swali la arobaini na nane alisikia mtu akilia safu ya nyuma na hakugeuka. Aliendelea. Alizungushia la hamsini akiwa amebakisha dakika sita, akafunga macho, akakaa hivyo.

Kengele ilipolia Nelvine alimshika mkono akamwongoza nje, kati ya safu za watoto waliovaa sweta, kama mtu anayemwongoza bibi yake.

"Kuna ngazi hapa. Tatu. Ya mwisho ni fupi."

"Umefanya ile ya pembetatu iliyo ndani ya saa?"

"Nimebahatisha."

"Ni C."

"Ai, basi nimekosa. Fungua macho sasa, hakuna mtu. Ni ng'ombe tu."

Majibu yalisomwa baada ya wiki mbili, katika ukumbi uleule wa kanisa. Karatasi kutoka akademi iligongwa ukutani kwa misumari minne. Maxine alikuwa na hamsini. Nelvine alikuwa na arobaini na tatu. Akademi ilituma pia barua ya kusema kwamba inaiachia kamati ya wazazi kuchagua kati ya wale waliopita arobaini, kwa kuwa kamati ndiyo inayozijua familia. Waliopita arobaini katika shule yao walikuwa hao wawili.

Bwana Johana alitoka nje kamati ilipojadili jina la binti yake, kwa sababu ni mtu wa haki. Alisimama karibu na tangi la maji akiangalia simu. Walipomaliza walimwita, akarudi ndani, akasoma uamuzi. Nafasi ilikwenda kwa Nelvine. Watu wakapiga makofi, na Akeyo naye akapiga, akiwa benchi la nyuma peke yake.

"Kamati iliangalia pia mambo mengine," Johana alisema.

"Mambo gani?" Akeyo aliuliza.

"Mengine, Mama Maxine."

Maxine aliinua mkono, kama darasani. Johana alimwashiria kwa kichwa aseme.

"Kanuni ni gani?"

"Hakuna kanuni, mtoto wangu. Ni kamati tu."

Hapo mstari wa pili ulianza, kwenye kiatu cha Maxine chenyewe. Ulikuwa mweusi kidogo kuliko ule wa mama yake, kama wa penseli iliyochongwa upya. Watoto waliokuwa karibu naye walisogea taratibu, wakaupa nafasi ujifunge. Madam Fancy alisimama, akaketi, akasimama tena. Katibu wa kamati akamwambia kwamba mwalimu si mwanachama, akaketi. Kikao kilifungwa kwa maombi, na baada ya maombi kulikuwa na chai na maandazi ya kuwatosha wote. Chai ya Maxine na mama yake ilisukumwa kwao sakafuni kwa trei.

Januari Nelvine alikuja kuaga. Baba yake alisimamisha pikapu barabarani chini ya laini na kubaki humo, injini ikinguruma. Nelvine alivaa sweta ya kijani yenye nembo, na soksi zilizofika magotini. Maxine alikuwa nje akiosha sufuria. Nelvine alisimama ukingoni mwa duara, vidole vya viatu vyake vipya vikigusa mstari.

"Umekuwa kama askari wa msitu," Maxine alisema.

"Wacha! Inawasha shingo mpaka nalia." Nelvine alijikuna. "Wanasema huko maumbo ni kila muhula. Ukifeli mara mbili unarudishwa."

"Ukishindwa, hesabu pande kwanza. Halafu rangi. Halafu uangalie kilicho ndani."

"Pande, rangi, ndani."

"Kama zote zinafanana, geuza karatasi."

Nelvine alirudia kwa midomo bila sauti. Kisha akaangalia barabarani na kupunguza sauti.

"Mimi naijua."

"Nini?"

"Kanuni yenu. Nilisikia baba akiambia mama. Aliniambia nisiseme." Alivuta soksi moja iliyokuwa tayari juu. "Nikisema itafutika, si ndiyo?"

Maxine aliweka sufuria chini. Mikono yake ilikuwa na majivu mpaka kwenye viwiko. Alisema, "Sema."

"Sisi wote tuna kwetu hapa. Nyinyi mna kwenu."

Wote wawili waliangalia chini. Kuku alipita kati yao. Mstari ulikuwa palepale, mweusi, haukupungua hata upana wa unywele.

"Labda sijasema vizuri," Nelvine alisema. "Nyinyi mna kwenu kule ziwani. Sisi tuna kwetu hapa."

Maxine alikuwa ameenda ziwani mara mbili maishani, zote mazishi. Watoto wa kule walimwita msichana wa Kericho na kumwuliza kama kwao kuna jua. Alichuchumaa, akapitisha kidole chenye majivu juu ya mstari, pole pole, kama anayekagua kazi ya mtu mwingine.

"Haijafutika."

"Lakini ndiyo hiyo! Walisema yote mbele ya kamati. Hata pastor aliitikia."

"Basi si ya kweli."

Nelvine alifungua mdomo. Uso wake ulikuwa kama siku ile ya swali la pembetatu. "Kama si ya kweli, mbona mimi ndio naenda?"

Maxine alifikiri kwa uangalifu, maana alikuwa mwanafunzi mzuri na hakupenda kuacha swali wazi. Pikapu ilipiga honi mara mbili. Nelvine alinyoosha mkono juu ya mstari, wakashikana, majivu yakabaki kwenye ncha ya mkono wa sweta ya kijani. Kisha akateremka mbio, akijikuna shingo, na pikapu ikapanda kilima katikati ya chai.

Jioni Kepher alirudi kutoka kiwandani akinuka majani yaliyonyauka. Alikuta mkewe na bintiye wameketi mlangoni, maduara yao mawili yamegusana na kuungana katikati, kukawa na nafasi ya kutosha kuweka stuli ya tatu. Alisimama akipangusa gambuti kwenye nyasi. Duara lake mwenyewe lilikuwa limekuja naye, la kijivu, la zamani, limechakaa sehemu ya kisigino. Alikuwa nalo tangu ule msimu wa uchaguzi walipolala kiwandani siku nne wakiogopa kufukuzwa, na kwa kuwa kule ziwani pia halikufutika, alikuwa ameacha kulitaja.

"Kesho mnaamka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja," Akeyo alisema. "Nyapara ametupa ukingo wa mbali."

Kepher aliingia, akaketi kwenye stuli, na mstari ukajipanua ukapita nyuma yake, ukaizunguka nyumba ya kumi na saba na kujifunga upande wa pili. Akauliza kama mboga imeiva. Maxine alisema bado kidogo, akasogeza kuni.